Mteja kaletwa na Instagram, sifa ikaenda Google

Muuza dagaa wakavu wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anaweka picha Instagram asubuhi. Mama mmoja mwenye duka Dodoma anaiona, anapita. Siku ya tatu anaandika jina la duka lile Google, anabofya tangazo la kulipia lililokaa juu, anaingia kwenye tovuti, anachukua namba, anapiga simu na kulipa kwa M-Pesa.

Nani kamleta? Google Analytics, programu inayohesabu wanaoingia kwenye tovuti na walikotoka, itajibu: tangazo la kulipia. Programu hiyo humfuata aliyebofya. Aliyetazama picha akapita haimjui. Hata mauzo yenyewe haikuyaona, maana yalimalizikia kwenye simu.

Kwa sababu hiyo wapo wafanyabiashara wa Mwanza wanaosema takwimu za tovuti ni za maduka ya Ulaya, ambako mteja analipa palepale kwenye ukurasa. Hoja yao ina uzito. Linki iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp mara nyingi huhesabiwa kama mgeni aliyekuja moja kwa moja, kana kwamba aliandika anwani ya tovuti mwenyewe.

Lakini asiyepima naye anaumia, tena kimyakimya. Chukua mgahawa unaopeleka sato wa kukaanga Nyegezi na Igoma. Google Ads, mfumo wa matangazo ya kulipia ya Google, usipogusa mpangilio wake wa kawaida, huonyesha tangazo kwa walioko Mwanza na pia kwa wanaoonyesha kuvutiwa na Mwanza, hata wakiwa mbali. Kwa hoteli ya Capri Point hilo ni jema, mgeni wake yuko mbali bado. Kwa mgahawa ni hela inayomwagika ziwani, kwa sababu kila mbofyo unalipiwa. Laiki za Facebook hazitakuonyesha tundu hilo. Ripoti ya miji inaweza kukushtua, ingawa nayo isomwe kwa uangalifu: mji hukisiwa kwa anwani ya intaneti, na simu iliyoko Buzuruga inaweza kuandikwa iko Dar es Salaam.

Mimi niko upande wa kupima, ila kupima kunakofuata njia ya mteja wetu. Kitufe cha WhatsApp na namba ya simu kwenye tovuti viwekewe hesabu, kila kinapoguswa kiandikwe. Kila linki unayoirusha ibebe alama za UTM, maneno mafupi yanayotaja ilikotoka. Herufi hizo zinatokana na Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005. Halafu daftari. Anayepokea simu aulize, "Umetufahamu wapi?" na aandike jibu. Watu husahau, wengine hujibu chochote tu, lakini yule mama wa Dodoma angeitaja Instagram, na hakuna programu ambayo ingemsemea.

Ninachokipinga kabisa ni kukata posti za Instagram kwa sababu ripoti imezipa sifuri, kisha fedha yote ikahamishiwa Google. Kabla ya hapo, zima kwa wiki mbili tangazo linalotokea mtu anapotafuta jina la duka lako mwenyewe, ukichagua wiki zisizo na sikukuu. Hesabu simu zinazoingia. Zikibaki vilevile, ulikuwa unawalipia watu waliokuwa wakikutafuta tayari. Zikipungua, lirudishe, na picha za asubuhi ziendelee.