David Eby na bima ya magari: wakili aliyewafungia mawakili mlango

Kabla ya siasa, David Eby alikuwa wakili wa wanyonge. Akiwa Pivot Legal Society, katika mtaa maskini wa Downtown Eastside mjini Vancouver, alitetea watu wasio na makazi, kisha akaongoza chama cha haki za kiraia cha British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada. Mwaka 2013 alimng'oa Waziri Mkuu wa jimbo, Christy Clark, kwenye kiti chake cha Vancouver-Point Grey. Julai 2017 aliingia baraza la mawaziri akiwa Mwanasheria Mkuu, na Novemba 2022 akawa Waziri Mkuu wa jimbo. Wengi humkumbuka kwa vita dhidi ya fedha chafu kwenye kasino. Lakini kipimo kikali zaidi cha uwaziri wake ni bima ya magari, kwa sababu hapo alipambana na wanataaluma wenzake.

ICBC ni shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1973, na ndilo pekee linalouza bima ya lazima jimboni humo. Mwaka wa fedha wa 2017/18 lilipata hasara ya takriban dola bilioni 1.3 za Kanada. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa madai ya majeruhi. Majeruhi alimshtaki dereva aliyemgonga, na ICBC ikabeba mzigo wa dereva. Wakili wa mdai aliruhusiwa kuchukua hadi theluthi ya fidia. Kila upande ulileta madaktari wake na ripoti zao za kulipiwa, hivyo hata shauri la shingo iliyoteguka lilimeza fedha nyingi kabla mgonjwa hajapata chochote.

Eby alianza kwa kupunguza makali. Kuanzia 1 Aprili 2019, fidia ya maumivu kwa majeraha madogo iliwekewa kikomo cha dola 5,500, na mizozo mingi ikapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la mtandaoni. Haikutosha. Februari 2020 akatangaza mageuzi makubwa, yaliyoanza 1 Mei 2021: majeruhi hulipwa bila kujali nani mwenye kosa, na haki ya kushtaki ikaondolewa isipokuwa katika hali chache, kama vile dereva kupatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa. Serikali iliahidi bei ya bima kushuka kwa takriban asilimia 20. Kiwango cha juu cha gharama za matibabu na matunzo kikapanda kutoka dola 300,000 hadi angalau milioni 7.5, na asiyeweza kufanya kazi hulipwa asilimia 90 ya kipato chake halisi, hadi ukomo uliowekwa.

Kwa aliyevunjika uti wa mgongo, mfumo huu ni bora, hasa kama ajali ilikuwa kosa lake mwenyewe. Zamani, baada ya dola 300,000 kwisha, huyo hakuwa na wa kumshtaki. Hoja hii mawakili wa madai hawajaijibu vya kutosha.

Wana hoja nyingine nzito, hata hivyo. Aliyegongwa na dereva mzembe hapati tena fidia ya maumivu na kuharibikiwa maisha kama ile ambayo jaji angempa. Halafu anayeamua kama mazoezi ya viungo yaendelee kulipiwa ni ICBC ileile inayotoa fedha.

Kosa kubwa la Eby, kwa maoni yetu, lilikuwa kuvaa kofia mbili. Mwanasheria Mkuu ndiye mlinzi wa mahakama jimboni, na papo hapo Eby alikuwa waziri wa shirika linalobeba kesi nyingi kuliko karibu mdaiwa mwingine yeyote. Mwaka 2019 serikali ilibadili kanuni za mahakama, katika kesi za magari, kuzuia kila upande usilete mashahidi wataalamu zaidi ya watatu. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaifuta kanuni hiyo kwa sababu iliingilia mamlaka ya msingi ya majaji. Serikali ikarudi na kikomo kingine, gharama za shauri anazorudishiwa mshindi zisizidi asilimia 6 ya fidia, nacho kikafutwa mwaka 2022. Baraza la mtandaoni lilinusurika kwenye Mahakama ya Rufani mwaka huo, baada ya kushindwa ngazi ya chini. Mwanasheria wa haki za kiraia angepaswa kuona mapema kwamba mdaiwa hawezi kujiwekea kanuni za ushahidi. Kuondoa kesi kwa sheria ya wazi iliyojadiliwa bungeni kulikuwa njia ya uaminifu zaidi kuliko kumfunga mdai mikono akiwa bado mahakamani.

Sasa jambo la kufuatilia ni majeruhi anayenyimwa huduma. Anaweza kupeleka mgogoro kwenye baraza hilo, lakini hakuna tena fungu la fidia ambalo wakili angekatia theluthi yake. Mwenye jeraha la ubongo, asiyeweza kupanga nyaraka wala kukumbuka tarehe za mwisho, anabaki kubishana mwenyewe na shirika lenye wanasheria wake.