Pikapu ya 1900 Inavuta. Je, Inasimama?

Kila nikiegesha pikapu yangu soko la Kibuye, Kisumu, kupakia viti, hakosi mtu wa kuniuliza, "Injini ni ya ngapi hiyo?" Nikimwambia ni elfu moja mia tisa, yaani lita 1.9, anatupia macho trela, anarudisha kwenye boneti, halafu ananitazama kama mtu aliyemfunga punda jembe la ng'ombe wanne. Kwake, bila injini ya 3000 huvuti kitu.

Mimi ni mtu wa mahema. Ijumaa nikiwa Siaya kwa matanga, Jumamosi harusi Ahero, na mara moja moja kazi inanipeleka hadi Nakuru. Trela langu hubeba hema mbili na vyuma vyake, viti vya plastiki mia tatu na jenereta. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiwaambia watu mzigo wangu "haufiki tani". Siku moja jamaa mmoja akanipitisha kwenye mizani ya kupimia miwa. Kilo 1,640, trela na vilivyomo. Nilimwomba apime tena.

Sasa turudi kwa hiyo injini inayochekwa. Wazee wetu walibeba kabichi, ng'ombe na abiria kwa Peugeot 504 ya dizeli, injini ya lita 2.3 yenye nguvu ya farasi 70 hivi, bila tabo (turbo). Hakuna aliyewacheka. Injini ya lita 1.9 ya Isuzu D-Max ina farasi 150 na newton-mita 350 za nguvu ya kuzungusha, ile inayovuta mzigo. Hilux ya lita 2.4 inafika newton-mita 400. Injini imepungua ukubwa, nguvu imekuwa maradufu, kwa sababu tabo inasukuma hewa ndani badala ya kuiacha injini iitafute yenyewe. Na kwetu huku hewa si jambo dogo. Ukipanda kutoka Salgaa hadi Mau Summit unavuka mita 2,500 juu ya bahari, na hewa ya pale ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Injini ya zamani ilikuwa inahema huko kama mgonjwa wa pumu. Ya tabo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Nikubali udhaifu wake mmoja. Chini ya mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, tabo bado imelala, na injini ndogo isiyo na tabo ni ndogo kweli. Ukisimamishwa na msongamano kwenye mpando, ukitaka kuondoka, utaipigia gari moto, utakanyaga klachi nusu, na utanusa klachi kabla trela halijasogea hata hatua. Dawa ni kuanza na gia ya kwanza bila aibu, na kutoiacha injini inung'unike kwenye gia ya nne wakati mlima unataka ya tatu. Na ukivuta tani mbili na nusu kila siku, nunua hiyo 3000 yako kwa amani, sina ugomvi nawe.

Lakini mabishano haya yote ni ya kupanda. Hakuna anayeniuliza nashukaje.

Mwaka jana nilikuwa natoka Nakuru, nimeshapita Kericho, naanza kushuka kuelekea Awasi. Mzigo kamili, gia ya nne, mguu kwenye breki kidogo kidogo, huku tunapiga soga. Utingo wangu akanusa kabla yangu. "Bosi, kuna kitu kinaungua." Nikakanyaga breki; pedali ikashuka laini kama nakanyaga sifongo. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Nikarudi gia ya tatu, ya pili, injini ikapiga kelele, na Mungu akatuletea sehemu pana kando ya majani chai.

Moshi mwembamba ulikuwa unatoka magurudumu ya mbele. Kijana akakimbia na jerikeni. Nikamzuia, kwa maana diski ikiwa moto hivyo ukaimwagia maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Tukasubiri. Nikiwa nazunguka kwa wasiwasi, nikaweka kiganja karibu na ngoma ya breki ya trela, polepole, nikitarajia kuchomeka. Hakuna joto. Nikaigusa. Baridi, kama ya gari lililolala gereji wiki nzima.

Nikalala chini nikachungulia. Yule fundi aliyenichomelea trela alikuwa ametumia ekseli ya pikapu kuukuu, ngoma zake zikiwa mahali pake, zimepakwa rangi nyeusi safi kabisa. Ila hakukuwa na kebo wala paipu iliyofika kwenye hizo ngoma. Nilikuwa nimelipia breki za maonyesho. Na mimi, niliyeinama kukagua rangi na kusoma namba ya Z, ya usajili wa trela, kwenye kibati, sikuwahi kuinama zaidi ya hapo.

Dizeli kwa asili haikusaidii sana ukiinua mguu. Injini ya petroli hubanwa hewa ukiachia mafuta, ikawa inajizuia yenyewe. Ya dizeli inaendelea kuvuta hewa karibu kama kawaida. Malori yanawekewa breki ya ekzosi, inayobana moshi usitoke ili injini izuie gari, kwa sababu hiyo. Pikapu yako haina, na kadiri injini ilivyo ndogo ndivyo inavyoshika kidogo. Hapo ndipo 1900 inapozidiwa na 3000, na ajabu ni kwamba hapo ndipo wabishi wa Kibuye hawafiki. Wenye kutia gari gia huru mteremkoni ili kuokoa mafuta, siwasemi; Salgaa, kwa ajali zake, ilishawasema.

Vitabu vya pikapu nyingi za tani moja vinaandika namba mbili: kilo 3,500 kwa trela lenye breki zake, na kilo 750 kwa lisilo na breki. Watu wanaisoma ya kwanza tu. Mimi nilikuwa mara mbili na zaidi ya ile ya pili, huku najisifu kwamba gari "haisikii mzigo".

Nimeweka breki za kusukumwa: pikapu ikipunguza mwendo, trela linasukuma shingo yake mbele, shingo inavuta kebo, na ngoma zinashika. Jenereta nayo nimeitoa nyuma kabisa nikaileta mbele ya ekseli, na lile yumbayumba la tambarare ya Ahero limekwisha. Mteremko wa Awasi nashuka gia ya pili tangu juu, matatu zikinipigia honi hadi zichoke.

Bado gurudumu la kushoto linashika mapema kuliko la kulia, na nikikanyaga ghafla trela linavuta upande. Jumanne narudi kwa fundi, na safari hii nakwenda na gunia la kulalia.