Kilo Tunazijua, Masikio Je?

Siku ya kliniki hapa Mtwara utawakuta kina mama wamejaa kwenye mabenchi tangu asubuhi, kila mmoja na kadi yake. Mtoto anavalishwa ile kaptura, anatundikwa kwenye mzani, analia, anashushwa. Nesi anaweka nukta kwenye kadi, anauliza kama ananyonya vizuri, haya, mwingine apite. Masikio hayaulizwi. Mimi naona hilo ni pengo, tena la kuzibika bila mashine ya mamilioni.

Wapo wanaosema mtoto apimwe masikio akizaliwa, yaishe. Apimwe, panapowezekana. Lakini kipimo cha siku ya kwanza hakimkingi na yanayokuja: homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, sindano za jentamaisini (dawa ya kuua bakteria), sikio linalotoa usaha kila akishikwa na mafua. Lipo la hila zaidi: maji yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Mara nyingi hayaumi, wala hayatoki nje. Mtoto anasikia nusunusu, nyumbani anachapwa kwa kuwa hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia utotoni unatokana na mambo yanayozuilika!

Nyumbani nako tunajidanganya. Tunampigia mtoto makofi mbele ya uso. Si ameona mikono? Mlango ukibamizwa, anahisi mtikisiko. Kaa nyuma yake, asikuone, umwite taratibu. Wa miezi 6 au 7 ageuke. Wa mwaka aitikie jina lake. Wa miaka 2 aunganishe maneno, "baba kaenda", "nataka maji". Akiwa kimya, bibi atakwambia hata baba yake alichelewa kusema. Shikamoo bibi, lakini hospitali tutakwenda.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9, kisha miezi 18. Mtoto yuko mbele ya nesi tayari. Aulizwe mama: anageuka ukimwita? Anasema nini? Sikio linatoa usaha? Jibu liandikwe kwenye kadi, na mwenye shaka apewe rufaa ya hospitali ya Ligula hapa Mtwara au Sokoine kule Lindi siku hiyohiyo, kabla mama hajarudi kwenye korosho zake Nanyamba. Baada ya chanjo hiyo wengi hawaonekani tena kliniki hadi mtoto augue. Kwa hao, maswali yaleyale ayaulize mwalimu wa chekechea siku ya kuandikishwa.