Mabegi mawili ya anayehama: tiketi ya bei ya chini inaokoa nini hasa?

Kila harambee ya kumsafirisha mtu ng'ambo ina jamaa mmoja aliyekaa na simu mkononi akitafuta nauli. Chai haijaisha, tayari amepata tiketi ya bei nafuu kuliko ile aliyopendekeza wakala wa mjini, na swali linamgeukia msafiri: mbona unataka ile ghali? Pesa ni za watu. Shangazi ametoa, chama kimetoa, kanisani bahasha zimezungushwa. Msafiri akijibu kwamba tiketi ile ghali ina mabegi mawili ya kilo 23, anaonekana mpenda anasa, mtu anayetaka kuhama na nyumba nzima. Mimi naona anahukumiwa vibaya, na hesabu iko upande wake mara nyingi kuliko tunavyokubali.

Lakini wa simu naye ana hoja, na kuna safari ambazo anashinda bila ubishi. Air Arabia inaruka kutoka Nairobi hadi Sharjah, na ukishafika Sharjah, Dubai ni mwendo wa gari tu. Unanunua kiti, kisha unaongeza kilo za mzigo kadiri unavyohitaji. Anayekwenda kazi ya mkataba huko, ambaye mwajiri anampa malazi na sare, na ambaye hata koti la baridi halimhusu, begi moja linamtosha kabisa. Kumlipisha mtu kama huyo begi la pili ni kumwibia. Ndege ni moja, shirika ni moja, anakoshuka ndiko anakokwenda.

Tena tukubali kwamba begi la pili mara nyingi hufungwa na ukoo. Mama anaweka unga wa mahindi, ambao London, Toronto na Dallas unauzwa. Shosho analeta mursik, yaani maziwa ya mgando, mjomba analeta nyama ya kukausha. Hivyo viwili ni vya kutupwa: Umoja wa Ulaya na Uingereza hawaruhusu msafiri kutoka Kenya kuingia na nyama wala maziwa, hata yakiwa ya kula mwenyewe. Omena zina nafuu, maana samaki wana kanuni yao. Majani ya chai hayana neno. Ukipima begi la namna hiyo baada ya kutoa visivyoruhusiwa na vinavyopatikana huko, kuna siku utakuta linaingia ndani ya begi la kwanza.

Sasa tumtazame anayekwenda kuishi Dublin, Leipzig, Manchester au Calgary, kwa sababu hapo ndipo ushauri wa simu unapoanza kuumiza. Huyu anafika kwenye chumba kitupu, na mshahara wake wa kwanza, kama ni mfanyakazi, kwa kawaida unangoja mwisho wa mwezi. Kama ni mwanafunzi wa Ujerumani, pesa zake ziko kwenye akaunti iliyofungwa: euro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Septemba 2024, na benki inamwachilia euro 992 kwa mwezi. Humo ndimo inatoka kodi ya chumba, bima ya afya, nauli ya treni na chakula. Halafu ndio kwanza anahitaji blanketi, shuka, sufuria, viatu visivyoingiza maji na koti.

Koti hilo, kwa taarifa ya wanaosema "atanunua huko", liko Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Makoti mazito ya Ulaya hufika kwenye marobota ya mitumba, na kwa kuwa Nairobi haina baridi ya kuyahitaji, muuzaji anafurahi kuliachia la sufi au la manyoya ya bata kwa bei ambayo huko lilikotoka huwezi kuitaja dukani. Viatu vizito hali kadhalika. Anayehama akipita Gikomba asubuhi robota linapofunguliwa, anavaa msimu wake wote wa kwanza wa baridi kwa pesa za jozi moja ya viatu vipya vya huko. Ila vitu hivyo vina uzito. Koti moja, buti jozi moja na blanketi moja vinaweza kumaliza nusu ya begi.

Tuseme tofauti ya nauli mbili ni shilingi 20,000. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni dola 155. Igawe kwa kilo 23 za begi la pili: ni kama shilingi 870 kwa kilo. Nani atamnunulia msafiri koti, buti, blanketi, shuka na sufuria kwa dola 155 kwenye duka la kawaida la Dublin? Na atakapovikosa, atavikosa katika mwezi uleule ambao anaweka amana ya chumba na kununua kila kitu kwa mpigo. Shilingi 20,000 zilizookolewa Nairobi zimetoka mifukoni mwa watu arobaini wa harambee. Zile atakazozitumia huko zinatoka kwake peke yake, na wakati huo hana.

Hiyo ndiyo hesabu ya begi. Jambo zito zaidi ni lile ambalo simu hailionyeshi vizuri.

Ujanja wa mashirika ya bei ya chini umejengwa juu ya safari fupi. Ndege inatua, inageuzwa kwa muda wa kama nusu saa, inaruka tena, mara nyingi kwa siku moja. Safari ikiwa ya saa nane au kumi, ujanja huo unapungua nguvu na gharama kubwa inakuwa mafuta, ambayo kila shirika linayalipia. Ndiyo maana waliojaribu safari ndefu za bei ya chini wengi walianguka: WOW Air ya Iceland ilifunga Machi 2019, na Norwegian ikaacha safari zake ndefu Januari 2021. Kwa hiyo tiketi ya ajabu anayoipata jamaa kwenye simu, mara nyingi si ya shirika moja la bei ya chini linalokufikisha mwisho. Ni vipande vya mashirika yasiyojuana, vilivyounganishwa na tovuti ya kutafuta nauli. Nairobi hadi Roma kwa shirika moja, Roma hadi Dublin kwa Ryanair, tiketi mbili, namba mbili za uhifadhi.

Fuata begi kwenye safari hiyo. Nairobi linapewa lebo ya Roma, kwa sababu shirika la kwanza halijui habari za Dublin. Roma mwenye begi anatakiwa apite uhamiaji, alichukue kwenye mkanda, atoke nje, apande ngazi hadi kaunta ya Ryanair na kuliingiza upya, akiwa amelipia kila begi kwa kanuni za shirika la pili. Pengine hata uwanja ni mwingine, maana Roma ina Fiumicino na Ciampino. Haya yote yanawezekana kwa mwenye pasipoti ya Ulaya. Mkenya aliyepewa viza ya Ireland hana ruhusa ya kuingia Italia. Ireland haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo, na viza yake haifungui mpaka wa Schengen. Viza ya Uingereza nayo vilevile.

Na wala hafiki huko Roma kugundua. Anagundulia JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Mhudumu wa kaunta anaangalia tiketi, anaona mwisho wake ni Roma, anauliza viza ya Schengen. Msafiri anaonyesha ya Ireland na karatasi ya tiketi ya pili. Mhudumu hawezi kumpandisha, kwa sababu shirika linalomfikisha mtu mpakani bila hati hutozwa faini na kulazimika kumrudisha. Foleni nyuma inasukuma masanduku. Nje, wasindikizaji waliokuja na matatu ya kukodi bado wanapiga picha, wanangoja apunge mkono. Tiketi zote mbili zimekufa, na zile za bei ya chini kabisa kwa kawaida hazirudishiwi pesa.

Hilo linaniuma kuliko suala la kilo, kwa sababu anayelipa si aliyetoa ushauri. Ni binti aliyeacha kazi, aliyerudisha funguo za nyumba kwa landilodi, na ambaye siku ya kuripoti imeandikwa kwenye barua.

Hata mwenye viza zote mbili hajapona. Ndege ya kwanza ikichelewa saa tatu, shirika la pili linamhesabu hakufika, na la kwanza linasema mkataba wake uliishia Roma. Kwenye tiketi moja, jukumu hilo la kumfikisha ni lao. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, unampa anayesafiri kwa tiketi moja yenye mashirika kadhaa haki ya kudai mzigo uliopotea kwa shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa nao ulipopotea. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo cha fidia ni 1,519 kwa sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha Duniani, takriban dola 2,000 kwa abiria. Begi likiharibika unaandika malalamiko ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Na siku 21 zikipita halijafika, una haki ya kulidai kama lililopotea. Vipande vikiwa viwili, unaanza kwa kubishana begi lilikuwa la nani.

Kwa hiyo mimi nagawanya hivi. Shirika la bei ya chini linalokufikisha mwisho wa safari, na begi moja: chukua, na wanaokucheka uwache. Nauli ya chini iliyoshonwa kwa vipande, kwa mtu anayehama na pasipoti ya Kenya: iache, hata kama tofauti ni kubwa kuliko shilingi 20,000.

Hatari nyingine iko katikati, nayo ni tiketi nzuri ya shirika kubwa iliyovuliwa mabegi. KLM na British Airways, kwa mfano, nazo huuza viti vya bei ya chini visivyo na begi la kupakiwa kwenye baadhi ya safari ndefu. Jina la shirika linamtuliza msafiri, kumbe ana mzigo wa mkononi tu. Begi likinunuliwa kaunta kwa kawaida ni ghali kuliko lililonunuliwa mapema mtandaoni, na hata ukilipa, begi moja halizidi kilo 32.

Pia kuna nauli ambazo jamaa wa simu hazioni. Qatar Airways na Turkish Airlines zina mipango ya wanafunzi inayoongeza mzigo. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lina nauli za wahamiaji zenye kilo za ziada. Anayehamia Kanada anaweza kuwasilisha, siku ya kuingia, orodha ya mali yake itakayofuata baadaye, isitozwe ushuru ikifika, na hilo linampunguzia haraka ya kujaza begi.

Maswali ya kumuuliza wakala ni machache: ni tiketi moja au mbili, lebo ya begi itaandikwa uwanja gani, na mabegi ni mangapi, ya kilo ngapi. Ayajibu kwa maandishi, kabla hela za harambee hazijatoka kwenye akaunti.