Tokyo inakesha, treni zinalala

Ikikaribia saa sita usiku, baa za Shinjuku hugeuka ghafla. Watu wanachungulia simu, bili zinaitishwa kwa mkupuo, na muda si mrefu ngazi za stesheni zimejaa wafanyakazi wa ofisini waliolegeza tai, wanakimbia. Treni nyingi za mwisho Tokyo huondoka kati ya saa sita na saa saba, na za kwanza hurudi njiani karibu saa kumi na moja alfajiri. Aliyeachwa atapanda teksi, ambayo kuanzia saa nne usiku hutoza asilimia 20 zaidi, au atasubiri kukuche: kwenye karaoke, kwenye mkahawa wa vitabu vya katuni, au katika hoteli ya kapsuli, ambako mteja hujipenyeza kwenye kijichumba chenye godoro na taa, basi.

Kwa jiji la watu milioni 14 hivi, wapo wanaoona hii ni aibu, na hoja yao ina uzito. Sheria ya 1948 iliyobana dansi za usiku wa manane ilirekebishwa, na tangu Juni 2016 klabu yenye kibali inaweza kukesha, mradi taa zake zisififie kupita kiwango kilichowekwa. Klabu imefunguliwa, stesheni bado ina kufuli. Anayeumia zaidi hata si mtalii, ni mpishi na mhudumu. Akifunga jiko saa nane, ama sehemu nzuri ya ujira wake inaishia kwenye teksi, ama anasinzia mezani hadi alfajiri. (Bodaboda ya kumwokoa haipo.)

Wapinzani wao wamesimama kwenye reli, na hapo ndipo mjadala unaponoga. New York huendesha treni usiku kucha, lakini njia zake kadhaa kuu zina reli nne. Mbili zikifungwa kwa matengenezo, mbili zinabeba abiria. Njia nyingi za chini ya ardhi za Tokyo zina mbili tu. Saa chache za usiku ndizo nafasi pekee ya fundi. Usiku mmoja wa Machi 2013, mafundi wapatao 1,200 waliingia kwenye njia ya treni ya Toyoko upande wa Shibuya treni ya mwisho ilipopita, wakaihamisha kutoka juu ya ardhi na kuiunganisha na reli ya chini, na treni za alfajiri zikapita njia mpya. Kazi kama hiyo haifanyiki huku abiria wanapita. Tena mafundi wenyewe wanapungua: mwaka 2021 kampuni ya reli ya JR East iliwahisha treni zake za mwisho Tokyo, nyingi kwa takriban nusu saa, ili wapate muda zaidi wa kazi.

Mtu atasema: basi, yaende mabasi. Yalijaribiwa. Desemba 2013 serikali ya jiji ilianzisha basi la usiku kucha, Ijumaa tu, kati ya Shibuya na Roppongi. Abiria walikuwa wachache, na kufikia mwisho wa Oktoba 2014 likafutwa. Tangu hapo watu hulitaja kama ushahidi kwamba Tokyo haitaki usafiri wa usiku. Mimi sikubaliani. Shibuya kuna vilabu, Roppongi kuna vilabu. Basi lile lilikuwa linamtoa mlevi baa moja na kumpeleka nyingine, ilhali yeye kitanda chake kiko mbali huko pembezoni mwa jiji.

Kwa hiyo kwenye reli nawapa haki mafundi, hata usiku wa Ijumaa. Kwenye barabara bado haki haijatendeka: basi linalotoka Shinjuku saa nane kwenda vitongoji vya magharibi lingekuwa jaribio la kweli. Wakazi wa Shibuya huenda wakanuna, maana wilaya yao tangu Oktoba 2024 imepiga marufuku kunywa pombe mitaani kuzunguka stesheni kuanzia saa kumi na mbili jioni. Lakini basi la kuwaondoa walevi mtaani kwao lingewafaa wao kabla ya mtu mwingine yeyote.