Mkuu wa Shule Akisafiri

Ukitaka kujua mkuu wa shule anaongozaje, nenda siku hayupo. Kengele ya kipindi cha tatu ikishalia, hesabu walimu walioingia darasani na waliobaki ofisini wakipiga soga.

Mwaka 1939 wanasaikolojia Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani kwa vikundi vya wavulana. Chini ya kiongozi wa kiimla kazi ilikwenda alipokuwepo. Akitoka chumbani, inadorora. Kwenye kikundi kilichoshirikishwa kuamua, kiongozi kutoka chumbani hakukubadili mengi. Wale walikuwa watoto wakifanya kazi za mikono, sawa, lakini ofisi nyingi za walimu zinafanana nao mno.

Mkuu mkali hupata kile anachokikagua, basi. Akikagua daftari la mahudhurio, atapata sahihi za alfajiri. Akidai maandalio ya masomo kila Jumatatu na kuligonga muhuri rundo zima kwa dakika 10, ataletewa maandalio ya mwaka jana yaliyobadilishwa tarehe.

Mtindo wa mkuu huonekana wazi zaidi anapokagua kipindi. Anayeijua kazi humwarifu mwalimu mapema, huingia kabla somo halijaanza na kukaa nyuma mpaka mwisho. Hufungua madaftari ya wanafunzi 4 au 5 aone kama kazi imesomwa au imetiwa vema tu. Mazungumzo ni siku hiyohiyo, faragha, na swali la kwanza ni la mwalimu kujibu: wanafunzi walianza kupotea wapi? Wanakubaliana jambo moja la kurekebisha, si 12, na baada ya wiki 2 mkuu anarudi kuangalia hilo tu. Asiporudi, mwalimu anajua ilikuwa kujaza fomu. Na mkuu anayemkosoa mwalimu mbele ya wanafunzi amemnyang'anya darasa. Kulirudisha ni kazi ya muhula mzima.

Ushirikishaji nao una ulaghai wake. Kikao kinakaa saa 3 kujadili mgawanyo wa vipindi, kumbe ratiba imeshachapwa. Walimu wakigundua wanaulizwa kutimiza ada tu, kikao kijacho kitakuwa kimya. Heri kusema wazi, "Hili nimeshaliamua, nisaidieni namna ya kulitekeleza." Wala si kila mtu anahitaji kushirikishwa kila mara: mwalimu mgeni kazini, kwa mfano, huhitaji maelekezo ya karibu kuliko mjadala.

Ila kwa maoni yangu, anayeharibu zaidi ni mkuu mpole asiyetaka kumkwaza mtu, maana hakuna anayemlalamikia. Kuna mwalimu anayeumwa kila Ijumaa, na vipindi vyake hujazwa na mchapakazi yuleyule. Mwisho wa mwaka wote wawili wanaandikiwa "vizuri sana" kwenye tathmini. Mchapakazi anavumilia muhula wa kwanza, anavumilia wa pili. Wa tatu, naye anaanza kuumwa Ijumaa.