Mng'aro wa Mambrui si dhahabu ya Kakamega

Makala hii imeeleza vyema wachimbaji walivyomiminika Kakamega kutafuta dhahabu miaka ya 1930, ila wasomaji waliouliza kwenye maoni kwa nini mchanga unaong'aa wa ufuo wa Mambrui, karibu na Malindi, usioshwe kwa karai kutafuta dhahabu vivyo hivyo wanachanganya mambo.

Dhahabu ya Kakamega imo ndani ya mishipa ya mwamba. Chembe zilizoonekana mitoni mwaka 1931 zilikuwa zimemomonyoka humo, ndiyo maana zile za kuoshwa kwa karai ziliisha upesi na kazi ikabaki kwa wenye mashine, kama mgodi wa Rosterman uliofungwa 1952. Tena mwandishi amelipita kimya lililo kubwa: sheria ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa watapewa nyingine, na mwaka 1932 ikabadilishwa ili kuwalipa pesa tu kutoshe. Dhahabu ikageuza ahadi kwa miaka miwili tu!

Kinachometameta Mambrui ni ulanga (mica), madini mepesi ya vipande vyembamba vinavyong'aa. Jaribuni: mchanga kidogo kwenye karai, maji yaufunike, tikisa kwa mzunguko, kisha mwaga polepole. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, hukaa chini kabisa. Ulanga haufiki mara 4, huenda na maji. Msimwage kwa pupa, chembe ndogo huponyoka. Ukipata kitu, kitie kivulini: ulanga huzima, dhahabu hubaki njano. Kigonge: dhahabu hutandazika, ulanga huchanika.

Ule mchanga mweusi unaobaki kwenye karai una madini ya metali ya titani, jamii moja na yale yaliyochimbwa Kwale. Huo ndio wa kuuliziwa bei.